Glasi ya Nne ya Barossa

Pua ninayo, hilo halina ubishi. Nimeirithi upande wa baba, pana, yenye kuingia chumbani kabla uso mwingine haujafika, na utotoni ilinipatia majina ambayo sitayaandika hapa. Mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa Durban nikiosha vyombo katika mgahawa mmoja wa Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, niliamini kwamba hatimaye pua hiyo imepata kazi inayoistahili. Niliamini kwa wiki kadhaa, tena kwa sauti, mbele ya watu.

Mwenye mgahawa alikuwa Mreno aliyetoka Msumbiji ujanani mwake, mtu wa masharubu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau. Wateja wake wakubwa walikuwa wenye farasi. Baadhi yao walikuwa wamekwenda Australia kununua farasi, wakarudi na kiu mpya: walitaka divai za Barossa, bonde moja la huko ambalo mimi sikuwa nimelisikia hadi siku hiyo. Mreno alinung'unika sana. Afrika Kusini ina divai yake ya kumwaga, na kuleta ya Australia aliona ni kama kupeleka ndizi Moshi. Lakini mteja akishakaa mezani hubishani naye, kwa hiyo akakubali. Na kwa kuwa mhudumu wetu wa divai alikuwa ndiyo kwanza amehamia Cape Town, akatangaza kwamba mwingine atatoka humu humu ndani. Siku mwenye shamba la mizabibu atakapokuja na chupa zake, yeyote anayetaka nafasi hiyo aketi mezani aonje, na mwenye ulimi ndiye atakayevaa koti.

Koti lenyewe lilikuwa jeusi, limetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi. Aliyelivaa hakubeba sahani, hakufuta meza, na zaidi ya yote hakulikaribia sinki. Mimi sinki nilikuwa nimelijua vya kutosha. Sabuni ilikuwa imenichubua vidole hadi nikikamua limau nilikuwa naona nyota. Nililitaka lile koti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu nivuke mpaka, na sababu kubwa ilikuwa mama.

Kila Jumapili baada ya misa, mama alikuwa akisubiri simu yangu katika duka la jirani kule Marangu, nami nilikuwa nikipiga kutoka kibanda cha simu za kadi juu huku Berea, nilikopanga chumba. Mazungumzo yetu yalikuwa yaleyale. Aliuliza, Durban je? Nilijibu, nzuri, mama. Kazi? Nzuri. Chakula? Kizuri. Watu? Wazuri sana. Nikikata simu nilikuwa nasimama pale kibandani kidogo nikijisikia kama mtu aliyemeza jiwe. Nikipata koti, nilijiambia, nitasema nzuri na itakuwa nzuri kweli.

Wapinzani hawakuwa wengi. Wapishi wetu wawili walikuwa Waislamu, wakacheka tu. Mrundi aliyekuwa akikata mboga alikuwa ameokoka, akaahidi kutuombea. Nikabaki mimi na Mkongo mmoja wa Bukavu, mhudumu wa meza, ambaye pia nilikuwa nakaa naye chumba kimoja. Alikuwa kijana nadhifu kupita kiasi. Shati lake la kazini lilipigwa pasi mara mbili, na pasi yenyewe hakuiazima kwa mtu. Mimi kwa kuwa nilimzidi umri aliniita grand, kwa heshima, hata alipokuwa ananisema kuhusu soksi zangu.

Nilimshauri asijisumbue. Nilimweleza kwamba mama yangu ni mpishi wa mbege, na kwamba kwenye pombe yake watu walikuwa wakija kutoka vijiji vya mbali. Nikamweleza jinsi ndizi mbivu zinavyochemshwa na kuachwa zichachuke, jinsi ulezi unavyooteshwa na kusagwa, jinsi uji wake unavyochanganywa, na gome la msesewe linalotia uchungu. Mtu aliyezaliwa katika nyumba hiyo, nikamwambia, hafundishwi kuonja. Mkongo alisikiliza yote hayo huku akipiga pasi. Sikumwambia kwamba katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kuniomba hukumu yangu juu ya kitu chochote. Kazi yangu ilikuwa kumenya ndizi na kufukuza nzi.

Mreno alitupa kijitabu cha maneno ya waonja divai, tujisomee. Hapo ndipo nilipoanza kupata jasho. Kumbe divai ya Barossa inanukia matunda ya msituni ambayo sijawahi kuyaona, mti wa mwerezi, ngozi ya tandiko, sanduku la sigara na pilipili manga. Pilipili manga niliijua. Kwa hayo mengine niliamua kufanya utafiti, maana mimi ni mtu wa kusoma. Nikashuka Warwick siku yangu ya mapumziko, nikapita sokoni ninanusa. Nilinusa mikanda ya ngozi hadi mwuzaji akaniuliza kama nanunua au nakula. Nilinusa maboksi ya tumbaku. Mwisho nikafika kwa wauza dawa za miti, nikaanza kuinamia magome moja baada ya jingine, nikifumba macho kama kijitabu kilivyoelekeza.

Mama mmoja wa Kizulu aliyekuwa ameketi nyuma ya magome yake alinitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi, nanusa tu. Jibu hilo lilimhuzunisha. Akamwita mwenzake, wakanijadili, wakafikia uamuzi kwamba pua yangu imefungwa, pengine na mtu, na kwamba kijana wa watu kutoka mbali asiachwe hivyo. Akanitilia ugoro wake kiganjani, akasimama juu yangu mpaka nikauvuta. Nilipiga chafya kuanzia Warwick hadi mlangoni Greyville. Kwenye robot, zile taa za barabarani, watu walinikwepa, na siku zilizofuata sikuweza kutofautisha sabuni na mchuzi. Mkongo aliniuliza kama mafunzo yanaendelea. Nikamwambia vizuri sana.

Onjo lilifanyika Jumatatu mchana, mgahawa ukiwa umefungwa. Pua ilikuwa imerudi. Tuliwekewa meza ya dirishani, kitambaa cheupe, glasi sita kwa kila mtu zimepangwa mstari, na ndoo ndogo ya bati katikati ambayo nilidhani ni ya barafu. Mreno aliketi kichwani mwa meza. Mwaustralia mwenyewe alikuwa mtu mkubwa mwenye shingo iliyoiva kwa jua na kucha zenye udongo usiotoka, na jambo hilo lilinifanya nimpende mara moja. Alituambia shamba lilianzishwa na babu wa babu yake, na kwamba mizabibu mingine ni mizee kuliko mtu yeyote anayemfahamu. Kisha akaanza kumimina kwa mkono wake mwenyewe, polepole, glasi kwa glasi, akitutazama usoni kuona kama tunafurahi.

Sasa hapo kuna jambo lazima nilieleze, maana ndilo lililonimaliza. Kwetu mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza. Anajaza kata, anapiga funda moja mbele yako, ndipo anakukabidhi. Hapo umejua kwamba hakuna sumu na kwamba amekupa kwa moyo. Mgeni hagusi kabla yake. Kwa hiyo Mwaustralia alipomaliza kumimina, mimi nikaweka mikono magotini nikamsubiri. Akanikaribisha kwa mkono. Nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea kusubiri. Mkongo alikuwa tayari anazungusha glasi yake kama aliyezaliwa nayo. Mreno akaniuliza kama nimebadili nia. Nikasema la, namsubiri mzee, kwanza yeye.

Mwaustralia akacheka, akaona ni adabu nzuri. Akainua glasi ya kwanza, akainusa, akaipeleka mdomoni, akaizungusha mashavuni kwa kelele kama mtu anayesukutua. Kisha akaitema ndani ya ile ndoo.

Mwenye pombe akitema pombe yake mwenyewe mbele ya wageni, kwetu watu wanatafuta kofia zao. Nilimtazama Mkongo anisaidie, naye akainama kwa madaha, akatema mshale mwembamba uliotua katikati ya ndoo bila kugusa ukingo. Mreno naye akatema. Nikakumbuka kwamba kijitabu kilikuwa kimesema kitu kuhusu kutema, katika ukurasa ambao niliuona ni wa watu wasio na ustaarabu nikauruka. Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nilijaza mdomo, nikainamia ndoo, nikainua macho, nikakutana na uso wa yule mtu na kucha zake zenye udongo, nikafikiria babu wa babu yake akipanda mizabibu ile. Nikameza.

Basi nikameza ya kwanza, nyeupe na kali kama ndimu, na ya pili, na ya tatu ambayo ilikuwa nyekundu hafifu na yenye utamu wa matunda. Zote nilizisifu. Nilitumia maneno ya kijitabu kwa ukarimu. Mwerezi niliuona kila mahali. Mkongo alisema machache. Ya pili alisema ni nyepesi mno kwa nyama, na nikamsikitikia kijana wa watu kwa kukosa malezi.

Tukafika glasi ya nne. Ilikuwa shirazi, nyekundu nzito, ile hasa ambayo wenye farasi walikuwa wakiiulizia. Niliiinua, na kabla haijafika mdomoni nikaijua. Haikunukia pilipili wala ngozi. Ilinukia gunia lililolowa. Harufu hiyo niliikuta mara moja tu maishani, na niliijua ilikotoka: katika mbege ya posa ya dada yangu, nilipokuwa mtoto. Siku ile pombe ya mama ilikuwa imeharibika. Mimi nilionja mabaki kwenye kata na mdomo ukanikunjamana. Lakini wageni, wazee wazima na wake zao, walikunywa, wakapangusa midomo, wakasema mama huyu hana mfano, wakaimaliza yote hadi machicha. Mama alisimama mlangoni akitabasamu. Tangu siku hiyo nilijua adabu ni nini. Katika maisha yangu yote ya utotoni hakuna kitu kilichonifanya niwaonee watu wa kwetu fahari kama kile.

Nikatazama mezani. Mwaustralia alikuwa ameinusa yake na kuiweka chini bila neno. Mreno hivyo hivyo. Mkongo alipiga funda, akatema haraka, akaisukuma glasi mbali kidogo kwa kidole. Glasi tatu zikawa zimesimama pale zimejaa, zimesuswa, mbele ya mtu aliyezitengeneza. Nilimwonea huruma. Nikainywa yangu yote. Nikasema hii ndiyo bora, ina sanduku la sigara ndani yake, ina matunda ya msituni, ina kina. Na kwa kuwa glasi ya Mkongo ilikuwa bado inatazamwa na watu, nikaomba kama haitaki, nikainywa na yenyewe.

Mreno akamgeukia Mkongo, akamwuliza yeye anaonaje. Mkongo akajibu taratibu kwamba zile nyingine ni nzuri ila hii imeharibika. Sio divai yenyewe, anadhani ni chupa. Nilifumba macho kwa aibu kwa niaba yake. Nilisubiri Mwaustralia akusanye chupa zake aondoke.

Mwaustralia alipiga meza kwa furaha. Akasimama, akampa Mkongo mkono, akautikisa kama pampu ya kisima. Akachukua kizibo akatunusisha wote: kizibo kilikuwa na ukungu, na ukungu ule ndio ulioiharibu divai. Yeye aliisikia tangu alipoinusa, Mreno naye, wakatazamana wakaamua kunyamaza waone nani atasema. Akafungua chupa nyingine ya shirazi ileile, akatumiminia. Hiyo sasa ilinukia zambarau zilizoiva na moshi wa kuni, ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kunywa, lakini sifa zangu zote nilikuwa nimeshazimalizia kwenye gunia.

Mreno hakunifokea, na ningependa angefoka. "Kazi ya mtu huyu ni kumzuia mgeni asinywe kitu kibaya," aliniambia. "Wewe umekinywa, umekisifu, kisha umeomba cha jirani."

Koti lilimtosha Mkongo kana kwamba fundi alimpima yeye.

Tulipanda pamoja kurudi Berea jua likiwa bado lipo, mimi nikiwa na glasi nane tumboni na miguu isiyosikilizana. Mkongo alinishika kiwiko kwenye kila kona. Hakujigamba, na hilo nalo liliniuma. Tulipofika nusu ya mlima akasimama nipumzike.

"Grand, ile ya nne ilikuwa mubaya, na wewe ulisikia. Nilikuona ile sura. Ulikunywa juu ya nini?"

Nikamwambia nilimwonea huruma yule mzee.

"Huruma gani? Alikuwa anataka kujua chupa yake iko na shida, c'est tout, basi. Wewe ukamuficha."

Nilimjibu kwamba yeye hajui adabu za kwetu. Akasema sawa, grand, sharp, tuendelee kupanda. Nikaendelea kupanda nikiwa nimeshiba adabu na nimekosa koti, na nyuma yangu sinki lilikuwa linanisubiri kesho yake asubuhi.

Jumapili nilipiga simu kama kawaida. Mama akauliza Durban je, nikasema nzuri. Lakini siku hiyo nilikuwa na hadithi, na kwa kuwa niliona inanionyesha kuwa mtoto aliyelelewa vizuri, nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye ndoo alicheka hadi mwenye duka akamwuliza kuna nini, ikabidi amsimulie naye, kadi yangu ikiwa inaliwa. Nilipofika kwenye glasi ya nne nikamwambia kwamba niliikumbuka pombe ya posa ya dada, na jinsi wazee walivyoimaliza, na kwamba mimi nilifanya kama wao.

Kicheko kikakatika. Nilidhani kadi imekwisha.

"Waliimaliza," alisema mama. "Na wewe ukadhani walinifanyia wema."

Akaniambia kitu ambacho sikukijua. Gunia la ulezi lilikuwa limenyeshewa, akaliweka chumbani mwake likauke, akalala nalo siku nyingi. Pua yake ilikuwa imelizoea kabisa. Siku ya posa alionja kwanza, mbele ya wageni, kama mila inavyotaka, na hakusikia kitu. Alikuwa anawategemea wao. Walipoisifu aliamini, akapika tena kwa ulezi uleule, na tena. Wakaendelea kuisifu kila walipokutana naye njiani, ila pombe wakawa wananunua kwa mama mwingine, ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemwambia. Aligundua mwenyewe gunia lilipokuwa linakwisha, akalia peke yake, na hadi wateja warudi mvua za masika zilikuwa zimepita mara mbili.

"Nilikuwa namtaka mtu mmoja tu mwenye mdomo," alisema. "Mmoja tu, baba."

Nilikuwa nimeegemea kioo cha kibanda, nikitazama vidole vyangu juu ya ule mkono wa simu. Vilikuwa vimechanika tena. Watu watatu nje walikuwa wakinisubiri niondoke.

"Sasa nakuuliza upya," mama akasema. "Durban je? Na mimi usininywee ya nne."

Nilifungua mdomo kusema nzuri. Neno lilikuwa pale pale lilipokaa siku zote, tayari, limenawa uso. Halikutoka. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mbaya, mama. Naosha vyombo."

Kisha nikasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu ya lile duka, na mama akishusha pumzi ya mtu anayekaa kitako.

"Haya," alisema. "Sasa tuongee."